Tarehe Nyuma ya Karatasi

Jumatatu, 2 Juni

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Hili ninalokuandikia sijamwambia mtu yeyote, hata Mama, na unajua Mama tunalala naye chumba kimoja. Alhamisi iliyopita niliweka uongo kwenye faili la mtu.

Kukupigia simu siwezi. Nikishika simu naishia kwenye salamu tu, halafu kwetu simu ni moja na wote wanataka kukusalimia. Kwa hiyo nimejifungia masjala saa ya mapumziko, kati ya makabati, naandika.

Mwenye faili wanamwita Mama Pacha. Anashona makoti ya hospitali hapa kiwandani, cherehani ya sita, mstari wa dirishani. Tangu arudi kutoka likizo ya uzazi, kila siku saa tisa anatoka kwenda kunyonyesha. Saa hiyo ni haki yake. Nimeisoma mwenyewe kwenye kile kijitabu cha sheria za kazi kinachoning'inia kwa kamba karibu na mlango wa Madam wa utumishi, na ombi lake la maandishi lipo ndani ya faili, limejibiwa "sawa". Lakini msimamizi wa zamu halipendi jambo hilo, hasa baada ya washonaji wengine watatu nao kuomba. Sasa ameandika kwamba Mama Pacha anatoroka kazini. Ameitwa kikao cha nidhamu tarehe 19.

Kumfukuza hivi hivi hawawezi. Lazima iwe alishaonywa kwa maandishi, akapewa nafasi ya kujirekebisha. Hajawahi kuonywa, Shangazi. Faili lake nimelipanga upya kwa mikono yangu mwezi wa nne, halikuwa na onyo hata moja.

Alhamisi Madam akaniita ofisini kwake, akanipa barua mbili za onyo. Moja ya tarehe 11 Februari, nyingine ya 4 Aprili. Zilikuwa bado zina joto la mashine ya kuchapia. Chini, mahali pa saini ya mfanyakazi, pameandikwa kwa kalamu: "Amekataa kusaini." Madam akasema, "Hizi zilisahaulika kwenye droo yangu. Zipange kwa tarehe zake." Nikasema, "Ndiyo, Madam." Nikatoboa matundu, nikazipanga.

Kesho yake Mama Pacha alinikuta koridoni, kifungo cha blauzi yangu kinaning'inia. "Simama hapo, mdogo wangu," akasema. "Mtu wa ofisini unatembea kifungo kinachungulia wapita njia?" Akachomoa sindano kwenye kola yake, akakishona nikiwa nimesimama vilevile, akakata uzi kwa meno. Nilitaka kumwambia. Hata asante haikutoka vizuri.

Majaribio yangu ya kazi yanaisha tarehe 30, na Mama ameshawaambia majirani wote kwamba binti yake ni mtu wa ofisini. Nifanye nini?

Mwanao,
Kimya


Alhamisi, 5 Juni

Kimya wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nimesimama mlangoni, chai ikapoa mezani. Hivyo mtoto ninayemlazimisha kusema "nimeshiba" ana maneno yote haya tumboni!

Nina swali moja. Uliandika penseli?

Siku ulipopata kazi nilikukalisha nikakufundisha: karatasi ikiingia mkononi mwako, kabla hujaitoboa, igeuze. Kwenye kona ya chini andika kwa penseli tarehe uliyoipokea, basi. Hakuna kanuni inayokulazimisha, ni mazoea tu ya watu wa masjala ya zamani. Upande wa mbele ni wa wakubwa, huko wanaandika wanachotaka. Upande wa nyuma ni wetu. Nimekaa na makabati miaka ishirini na nane na sijawahi kuweka karatasi bila kuigeuza.

Madam wako tulianza naye masjala moja, meza zinatazamana. Alikuwa mcheshi, anaigiza sauti za mabosi mpaka tunashika mbavu. Ndiye aliyekupokea kwa sababu yangu, usisahau. Mimi sijasahau, ndiyo maana kalamu yangu inasitasita hapa.

Kwa sasa funga mdomo. Kwako wewe hiyo si adhabu. Usimwambie Mama Pacha, usimwambie mama yako, maana mama yako akijua, mtaa mzima utajua kabla jua halijazama. Kuna namna ya kuyamaliza haya bila mtu kuumia. Niachie mimi.

Shangazi yako


Jumanne, 10 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Niliandika. Nyuma ya barua zote mbili, kwenye kona: 29/5.

Lakini sikiliza kilichotokea leo. Saa nne asubuhi Madam alikuja masjala mwenyewe. Tangu nianze kazi hajawahi kukanyaga humu, akitaka faili ananiita. Akasema, "Nipe la Mama Pacha." Hakusoma chochote, Shangazi. Alifungua moja kwa moja kwenye zile barua mbili, akazigeuza nyuma, kama mtu aliyeelekezwa.

Akacheka kidogo. "Bado mnafanya mambo haya?" Akaingiza mkono mfukoni, akatoa raba nyeupe, mpya, akaiweka juu ya meza yangu.

"Futa."

Nikasema, "Madam..."

"Faili si daftari la shule. Kesho asubuhi nakuja kuliangalia. Na barua yako ya kuthibitishwa kazini ipo mezani kwangu, inasubiri saini tu. Umenielewa, mama?"

Aliniita mama, kwa upole kabisa. Nikasema, "Ndiyo, Madam."

Amejuaje? Mlango wa masjala una ufunguo mmoja na uko shingoni mwangu. Hakuna anayezigeuza karatasi humu isipokuwa mimi.

Sasa ni saa tisa. Kupitia kidirisha namwona Mama Pacha anavuka uwanja kwenda kwa wanawe, anakimbia, kanga ameifunga vibaya. Anakimbia kila siku ili asichelewe kurudi hata dakika moja, na bado wanamwita mtoro.

Raba iko hapa mbele yangu. Haina hata alama ya kidole. Barua hii naipeleka posta nikitoka, lakini najua jibu lako halitafika kabla ya kesho asubuhi. Nakuandikia tu ili nisiwe peke yangu.

Kimya


Alhamisi, 12 Juni

Mwanangu,

Sina nafasi ya salamu, karani wa posta anataka kufunga dirisha.

Usifute. Kuweka kwenye faili karatasi uliyopewa na mkubwa wako ni jambo moja, hata mwanasheria mkali atakuelewa. Kufuta alama kwa mkono wako, huku unajua kwa nini unafuta, ni jambo jingine kabisa. Hapo unakuwa mwenzao. Na ikifika mahakama ya kazi, watakaosimamishwa mbele si wenye ofisi zenye mazulia.

Karatasi hizo usiziguse tena, kwa raba wala kwa penseli. Ziache zilivyo. Ukiulizwa kikaoni, sema ulichokiona, kifupi. Usipoulizwa, nyamaza. Kama amekutisha jana ukashikilia msimamo wako, basi una moyo kuliko sisi sote.

Umeuliza amejuaje. Kuna jambo nitakuambia, lakini si leo.

Shangazi yako


Jumanne, 17 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako nimeipata jana jioni, imechelewa, lakini imefika.

Usiwe na wasiwasi. Ninavyokuandikia, alama zipo mahali pake, zote mbili.

Kikao ni keshokutwa. Mama anauliza kwa nini sili. Nimemwambia ni jino.

Kimya


Ijumaa, 20 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo.

Kikao kilikuwa jana saa tatu, chumba cha mikutano, kile chenye feni mbovu. Mwenyekiti ni meneja wa uzalishaji, wafanyakazi wanamwita Bwana Mashine kwa sababu hacheki wala hakasiriki. Madam kulia kwake, msimamizi wa zamu kushoto. Mama Pacha alikuja na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, mzee mmoja fundi wa kukata vitambaa, miwani yake imefungwa kwa uzi. Mimi nilikuwa nje na faili, kwenye benchi. Mlango ulikuwa wazi kidogo kwa sababu ya joto.

Nilimsikia Madam anasoma barua za onyo. Mama Pacha akasema, "Hizo sijawahi kuziona."

"Imeandikwa hapa ulikataa kusaini."

"Nikatae kitu ambacho sijaletewa? Madam, mimi nikigomba nasikika mpaka getini. Waulizeni walinzi kama waliwahi kunisikia siku hiyo."

Watu wakaguna, nadhani hata msimamizi alicheka. Kisha fundi akaomba faili. Nikaingia, nikampa, nikataka kutoka. Akasema, "Ngoja, binti."

Alisoma mbele. Akalamba kidole, akageuza. Akaisogeza karatasi dirishani.

"Mheshimiwa mwenyekiti, huku nyuma pana penseli. Ishirini na tisa, tano. Na nyingine, ishirini na tisa, tano. Barua ya Februari na barua ya Aprili zote zimeingia masjala mwezi uliopita, siku moja?"

Bwana Mashine akaniangalia. "Mwandiko wa nani?"

Nikasema, "Wangu."

"Sema kwa sauti."

"Wangu."

"Uliandika lini?"

Shangazi, Madam alikuwa ananitazama. Sijawahi kuona mtu ananitazama hivyo, macho yametulia kabisa, mdomo umefunguka kama anataka kusema neno, halafu akaufunga. Nikasema, "Siku nilipozipokea. Tarehe ishirini na tisa Mei."

"Hapa pamechafuka kidogo," fundi akasema, anasugua kona kwa kidole gumba.

"Ni vidole vyangu," nikasema. "Mikono inatoka jasho."

Madam akasema, "Huyu mtoto bado yuko kwenye majaribio." Ni hilo tu alilosema.

Bwana Mashine akauliza, "Madam, barua hizi zilikuwa wapi tangu Februari?" Akajibu zilikuwa kwenye droo. "Na mfanyakazi alikataa kusaini barua iliyokuwa kwenye droo yako?" Madam akainua macho kwenye feni. Feni ikawa inalia kwi, kwi, kwi.

Shauri limefutwa. Mama Pacha amebaki kazini, saa yake ya kunyonyesha imethibitishwa kwa maandishi, na wenzake watatu wamepewa ya kwao. Alinikumbatia koridoni mpaka nikakosa pumzi. Akasema, "Kumbe kifungo kile nilikishona kwa mtu wa maana."

Leo saa mbili asubuhi nimekuta bahasha kwenye meza yangu. Nakuandikia ilivyo:

"16 Juni. Yah: Kutothibitishwa Kazini. Rejea somo tajwa hapo juu. Kufuatia tathmini ya utendaji wako wakati wa majaribio, ofisi imeridhika kwamba hujafikia kiwango kinachohitajika, hususan katika utunzaji wa nyaraka. Hivyo mkataba wako utakoma tarehe 30 Juni. Ofisi inakutakia kila la heri. Meneja Utumishi."

Tarehe 16, Shangazi! Siku tatu kabla ya kikao, ili isionekane inatokana na kikao. Nimekaa nikaitazama, halafu nikaigeuza nyuma, nikachukua penseli, nikaandika 20/6. Nilicheka peke yangu. Halafu nikalia.

Mama bado hajui.

Kimya


Jumanne, 24 Juni

Mwanangu wa pekee,

Barua yako nimemsomea baba yako mkubwa kwa sauti, nikaruka tu pale penye mambo ya mama yako. Akainuka akazunguka meza mara mbili.

Kwanza la kazi. Barua hiyo ya Madam usiitupe wala usiisaini. Andika jibu, ukurasa mmoja, kwa adabu: hukuwahi kuitwa kwenye tathmini yoyote, hukuonyeshwa kasoro yoyote, na barua umepewa siku moja baada ya kutoa ushahidi. Nakala mpe mwenyekiti, nyingine yule fundi wa chama. Mtu wa majaribio naye ni mtu, ana haki ya kuambiwa kosa lake. Huenda wasikurudishe. Lakini iwe kwenye faili lako kwamba ulisema. Na mama yako mwambie wewe mwenyewe, kabla hajasikia kwa mtu mwingine. Atapiga kelele siku mbili, ya tatu atakuwa anajisifu sokoni.

Sasa lile nililosema si leo.

Ni mimi, Kimya. Uliuliza amejuaje, mimi ndiye niliyemwambia. Nilipopata barua yako ya kwanza nikampigia simu. Nilitaka kumtisha kirafiki, kizamani. Nikamwambia, "Mwenzangu, hizo barua zitoe mwenyewe kimyakimya, maana mtoto wangu nilimfundisha penseli, na wewe unajua penseli inasema nini." Nilidhani ataona aibu. Nilidhani bado ni yule aliyekuwa anaigiza sauti za mabosi. Akasema asante sana dada, akaniuliza hali ya mguu wangu, akakata simu. Kisha akaenda dukani kununua raba.

Nilitaka kuokoa urafiki na kuokoa kazi yako kwa simu moja, nikakutupa wewe katikati. Niliogopa kukuambia kwa sababu ungeacha kuniandikia.

Lakini angalia ulivyonipita. Mtu mzima mwenye miaka ishirini na nane ya masjala alitetereka, na binti wa miaka kumi na minane, mwenye raba mkononi na ahadi ya kazi mbele yake, hakuigusa ile karatasi. Hilo nitalisema mpaka nizeeke. Nimeshalianza kwa majirani.

Nisamehe.

Shangazi yako


Jumamosi, 28 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimekusamehe kabla sijamaliza kusoma. Uliogopa. Mimi ni nani nimlaumu mtu kwa kuogopa?

Mama nimemwambia jana usiku. Kama ulivyosema, leo ni siku ya kwanza ya kelele. Jibu la barua ya Madam nimelipeleka, nakala mbili, fundi ametia saini ya kupokea na tarehe, kwa wino.

Nilitaka kuishia hapo. Lakini umeanza kunisifu kwa majirani, na kila nikisoma yale maneno, "hakuigusa ile karatasi", naikunja barua upesi.

Nilifuta, Shangazi.

Ni siku ileile, tarehe 10, baada ya kufunga bahasha yako. Nilimwona Mama Pacha anarudi anakimbia, nikageuza uso, nikashika raba. Nilifuta zote mbili, nikapuliza makombo, nikapangusa kwa kiganja. Kesho yake Madam alikuja, akatazama, akanigonga begani. "Vizuri," akasema. Na mimi, Mungu anisamehe, nilisikia raha. Siku sita nilikuwa mtu mwenye kazi.

Barua yako ilipofika jioni ile ya Jumatatu, ilikuwa imechelewa siku tano. Sikulala vizuri. Asubuhi niliwahi kufungua masjala kabla ya watu. Nikatoa karatasi, nikazilaza karibu na dirisha. Raba hufuta rangi lakini haifuti mfereji. Mkono wangu mzito ulikuwa umeacha mifereji midogo ya namba, ukiinamisha karatasi unaiona. Nikachukua penseli nikaifuata taratibu, kama mtoto anayejifunza kuandika. Mbili. Tisa. Mkwaju. Tano. Uliniambia nisiziguse kwa raba wala kwa penseli. Nimezigusa kwa vyote viwili.

Kwa hiyo penseli ile fundi aliyoionyesha kikaoni niliiandika tarehe 17 Juni, nikasema mbele ya watu niliiandika 29 Mei. Tarehe ni ya kweli. Karatasi ziliingia siku hiyo kweli. Lakini niliandika tarehe ya nyuma, Shangazi, mkono wangu mwenyewe, sawasawa na Madam. Kisha nikasema ni jasho la vidole.

Ndiyo maana Madam alifungua mdomo akaufunga. Alikuwa ameona kwa macho yake karatasi safi. Angesema, "Mwongo, nilimfutisha," angekuwa amejitia kitanzi mwenyewe. Tulitazamana pale, yeye na mimi, watu wawili tu chumba kizima tunaojua, na kila mmoja akamfichia mwenzake.

Nimewaza niende nikaseme. Kichwani nikamwona Mama Pacha anarudishwa kikaoni, mawakili wanasema ushahidi umechezewa, na saa tisa yake inapotea, yake na ya wale watatu. Nikakaa. Sijui kama ni haki au ni woga uleule umevaa nguo nyingine.

Basi nakuomba. Majirani waambie lolote, waambie mimi ni shujaa kama unataka, lakini usiongeze neno juu ya ile karatasi. Usimwambie baba mkubwa. Barua hii usimsomee mtu, na safari hii, tafadhali, usimpigie mtu simu. Ukimaliza kuisoma igeuze, uandike nyuma tarehe uliyoipokea, ya kweli, kisha uifiche pale unapoficha vitu vyako. Iwe yangu na yako tu.

Mwanao,
Kimya